Esanse Niliyonunua Ilikuwa Safi

Buyenzi, Usumbura

Kwa kaka yangu mukubwa, yaya Shabani, hapo Kasongo.

Salamu ya mutu mwenye hasira nayo ni salamu, ipokee. Mama hajambo? Muguu wake unaomusumbua wakati wa mvua uko namna gani? Muke wako alijifungua salama ao bado munangoja? Hali ya gari yako, hiyo kamyoneti, sitaiuliza, maana habari zake zimenifikia kabla ya zako. Mimi mwili ni muzima, namushukuru Mungu. Cherehani inatembea, chakula ninapata. Ila tangu juzi nikikaa kushona, sindano inaingia kwenye kidole badala ya kuingia kwenye kitambaa, na wewe ndiye sababu.

Selemani shofere amerudi kutoka kwenu na muzigo wake wa muchele. Alikuja kukaa barazani kwangu, hata chai hakutaka, akanieleza maneno yaliyosemwa juu yangu nyumbani kwetu. Ati Hamisi ni mwizi. Ati Hamisi alipewa pesa ya esanse nzuri, petroli safi ya kamyoneti, akanunua esanse ya wezi yenye kuchanganywa na maji, pesa iliyobaki akaikula. Ati ndiyo sababu wazee wetu walikwama njiani siku mbili, wakafika Kabambare siku ya kufunga posa yangu imekwisha kupita. Na Muzee Sefu, baba ya Zaina, amekasirika, anasema binti yake haolewi na mutu anayeiba mpaka posa yake mwenyewe. Jamani! Mwizi hata awe mupumbafu namna gani, nani alimuona anaruka ukuta wa nyumba yake?

Na wewe ulikuwa umeketi pale kwenye kikao cha wazee, unasikia. Selemani anasema ulikuwa unachora chini na kijiti.

Ngoja nikukumbushe nani aliomba nini. Ni wewe uliniandikia: "Watu wa kwenda Kabambare wako, kamyoneti iko, lakini esanse ya hapa Kasongo mwenye butiki anaiuza kwa bei ya kinywa chake. Wewe uko kule kwenye meli zinashusha. Tafuta ya bei rahisi, ujaze pipa mbili tupu anazokuletea Selemani, naye atatuletea." Ungefikiri huku esanse tunaichota mutoni na kibuyu. Mimi ni mushoni, yaya. Najua uzi, najua vifungo, najua kanzu za Idi. Esanse nilikuwa naijua kwa harufu tu, motokari za wazungu zikinipita. Lakini posa ilikuwa yangu, nikasema haya, nitatafuta.

Kwanza nilikwenda pompi ya esanse ya mujini, kule kwenye majumba makubwa, nikisukuma pipa kwenye mukokoteni wa kukodi. Mbele yangu muzungu alijaza motokari yake, hakuulizwa hata jina. Zamu yangu ikafika, mutu wa pompi akaniuliza: "Pipa ya nini? Karatasi ya bwana wako iko wapi? Unataka kuchoma nyumba ya nani?" Mimi, na kofia yangu kichwani na futi ya kupimia nguo shingoni, nikachome nyumba! Na bei waliyonitajia, lo, ningeuza cherehani pamoja na miguu yake na isingetosha. Nikageuza mukokoteni, watu wananitazama.

Kesho yake nilishika njia ya Kitega kwa muguu, nikisukuma mukokoteni uleule, maana walisema huko nje ya muji kuna mwenye shamba la kahawa ana pompi ya mukono, ile yenye chupa kubwa ya kioo juu, naye anapunguza bei. Nilitembea toka asubuhi mpaka adhuhuri. Kweli anapunguza, yaya. Anapunguza bei na anapunguza kipimo! Nilimuona kwa macho yangu anasimamisha mukono kabla kioo hakijajaa, anafungulia mupira, na mutu mbele yangu anamushukuru, anasema merci. Nilirudi na pipa tupu na malengelenge.

Ndipo jirani yangu mumoja hapa Buyenzi akanivuta kando. "Mushoni, unahangaika na nini? Pita nyuma ya nyumba yangu, iko esanse nusu ya bei." Nikamuuliza inatoka wapi. Akacheka. "Inatoka kwenye kamyo. Wewe ulitaka itoke wapi, kwenye ng'ombe?" Nikaelewa kwamba mashofere wanaivuta na mupira kwenye kamyo za mabwana wao. Nikakataa. Nilimwambia sitaki wazee wangu wapande juu ya haramu kwenda kuniombea muke. Alinicheka mpaka akatoa machozi, na wiki nzima kila nikipita mutaani wananiita Shehe wa Esanse. Na leo Kasongo yote inasema nilinunua kwake! Asante ya punda ni mateke. Nilikuwa naisikia tu, sasa nimepigwa.

Mwisho nikapata njia ya halali. Iko depo karibu na bandari, pale meli zinaposhusha. Wanauza kwa bei ya chini, lakini kwa mutu mwenye karatasi tu. Komi wa pale, karani wao, alikuwa anaoza binti yake na hana koti la kuvaa. Tukapatana: mimi nimushonee koti na suruali mbili, sitaki malipo, naye aniandikie karatasi yake. Nilishona siku tisa, kazi za watu wengine zikalala, na wenyewe wakanitukana. Siku ya kujaza pipa nilisimama pale mwenyewe. Nilikuwa nimechukua kitambaa cheupe cha kanzu, nikakitandika juu ya mudomo wa pipa, nikasema mimina hapa juu nione. Esanse ikapita yote, hakuna tone la maji lililobaki juu, kitambaa kikabaki cheupe. Wallahi kilibaki cheupe, na bado ninacho. Hayo maji yenu niliyatia saa ngapi?

Basi sasa tuje kwenye pipa zenyewe, na hapa ndipo hasira inanipanda mpaka kwenye nywele. Selemani alikuwa anapita Kabambare na kamyo yake siku ile fundi alipofungua karburatere ya kamyoneti, pale esanse inapopita kwenda kwenye injini. Alisema mulikuta mafuta mekundu yameganda mle ndani, kama yale yanayobaki chini ya sufuria ya majani ya sombe. Fundi akanusa kidole chake, akasema, "Haya ni mawese. Pipa hizi zilikuwa za mawese." Na wewe, yaya, wewe, ukamwambia, "Funga kinywa chako. Hiyo neno isifike kwa Mama."

Kwa hiyo ulijua. Kabla ya kikao ulijua. Baba mukubwa Asumani alipopiga fimbo chini na kusema mutoto wa ndugu yake ameharibika mujini, ulijua. Selemani naye ni shofere wa mutu, hana kinywa mbele ya wazee, alinyamaza. Lakini wewe ni yaya yangu, tumenyonya ziwa moja!

Nilimuuliza Selemani pipa alizitoa wapi. Akainama. Akasema zilitoka nyuma ya nyumba yetu, ni zile mbili Mama anazowekea mawese yake ya kuuza. Mulikosa pipa za esanse, na Mama akasema chukueni zangu, safari ni ya mutoto wangu. Akaziosha siku mbili. Majivu, maji ya moto, changarawe ndani, akazibiringisha uwanjani na muguu ule mubaya, kisha akazisugua na ndimu kama anavyosugua sufuria za sherehe. Selemani alimukuta anaimba nyimbo za arusi peke yake.

Zilipofika huku nilizinusa, yaya. Zilinukia ndimu. Nilisema kwa moyo wangu, watu wa kwetu ni wasafi sana. Nilijua nini mimi mushoni? Jana nilikwenda kumuuliza komi wa depo, akacheka vibaya. Ati mawese yanajificha kwenye maungio ya pipa, majivu hayafiki, lakini esanse inayatoa yote, esanse inafua kuliko sabuni. Pipa iliyowekwa mawese haiwekwi esanse hata uioshe mwaka. Kila shofere anajua. Mama hajui, na angejuaje?

Nilianza barua ya kukuaibisha. Niliandika kurasa nne za kusomwa mbele ya wazee wote na mbele ya Muzee Sefu: depo, koti, kitambaa, fundi, vyote. Nilipofika kwenye neno pipa, nikamuona Mama amekaa pale anasikiliza. Unakumbuka matanga ya Baba, chumvi ilipozidi kwenye pilau? Mutu mumoja tu alitema chakula, na Mama hakupikia wageni mwaka muzima. Sasa aambiwe kwamba mikono yake ndiyo imevunja posa ya mutoto wake! Nikapasua zile kurasa. Basi naelewa kwa nini ulinyamaza kuhusu mawese, na kwa hilo sina ugomvi na wewe.

Lakini ungeweza kusema "sijui". Neno moja, yaya! Ungeweza kusema esanse imeharibika, Mungu anajua sababu. Uliacha waseme mwizi, kwa sababu mimi niko mbali na mutu wa mbali hajibu. Hiyo sikusamehe leo. Labda mwezi ujao, labda Ramazani, leo hapana.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine. Ile ndiyo ya wazee. Nimeandika kwamba mimi Hamisi sikuiba kitu, ninaapa juu ya Musahafu, lakini kwa ujinga wangu nilinunua esanse mbovu bila kuuliza mutu anayejua, na kosa ni langu peke yangu. Mwizi sikubali mpaka kaburini. Mupumbafu nimekubali. Najua Muzee Sefu anaweza kusema binti yake haolewi na mupumbafu vilevile, na hiyo ni haki yake. Nimewaza hilo usiku kucha kabla ya kuliandika. Zaina nilimuona mara mbili tu maishani, na sitaki mwingine.

Hutamupa mutu mwingine aisome. Utaisoma wewe, kwa sauti, mbele ya Baba mukubwa Asumani na fimbo yake. Kisha utakwenda Kabambare kuisoma tena mbele ya Muzee Sefu, na kama kamyoneti bado imelala, miguu unayo. Ukimaliza utasema kwa kinywa chako: "Mudogo wangu si mwizi." Hilo ndilo deni lako kwangu. Barua hii unayoisoma sasa, uichome.

Umusalimie dada yetu Mwamini anayeuza mikate sokoni, na mumewe fundi baiskeli. Umusalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aniombee. Yule shangazi wa Zaina anayekuja Kasongo kuuza karanga, mupe salamu zangu polepole, yeye atajua zinakwenda kwa nani.

Mama utamuketisha mbele ukisoma ile karatasi, asikie vizuri. Akishangaa namna mutoto wake alivyokuwa mujinga, ushangae naye. Akilia, mubembeleze. Akinitukana, umuache anitukane mpaka atosheke, na wewe usimujibu kitu.

Ni mimi mudogo wako,
Hamisi, mushoni