Mara Mia Sita na Arobaini

S.L.P. 3318,
Mugutha, Ruiru.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Urbanus,

Habari za huko Winnipeg? Mko aje, wewe na Waithira na watoto? Ule mgongo wako ulipona, ama bado unaenda kazini umejikunja? Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama bado ana nguvu kule Ngoliba, isipokuwa macho. Mimi si mgonjwa. Nimechoka tu, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima.

Nimeshindwa kukuambia haya kwa simu. Kila ukipiga nakuuliza habari za baridi, halafu nasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa sawa.

Unaijua ile betri yetu ya maganda ya makadamia. Miaka tisa iliyopita, mimi na Bedan, mwanafunzi wangu wa kwanza wa uzamifu, tulichukua maganda kutoka kiwanda kimoja Thika, tukayachoma yakawa kaboni, na kaboni hiyo tukaundia betri ya sodiamu. Umri wa betri hupimwa kwa kuijaza chaji na kuimaliza, tena na tena, mpaka ishindwe. Yetu ilifika mara elfu tatu. Tukaandika makala, gazeti likatupiga picha, na mwaka uliofuata nikapewa uprofesa.

Miaka mitatu iliyopita msichana anayeitwa Dianah alijiunga na maabara yetu aendeleze pale tulipofikia. Betri zake zilikuwa zikifa kabla hata ya mara mia saba. Nikamwambia arudie. Akarudia mara saba, Urbanus, na kila mara inachukua miezi. Siku moja nilimwambia mbele ya wenzake kwamba maabara si jikoni, kwamba ana mikono michafu. Alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaenda nyumbani.

Mwezi wa sita aliingia stoo akaitoa ile mashine ya zamani, ile tuliyopimia mimi na Bedan. Aliiunganisha na mita ndogo ya kawaida, kisha akaja kuniita.

"Prof, si mikono yangu," akasema. "Njoo uangalie mwenyewe."

Mashine ilikuwa inaandika kwamba inatoa umeme kamili, kumbe inatoa nusu. Betri zetu zilikuwa zikijazwa nusu na kumalizwa nusu miaka yote hiyo. Ni kama kumsifu mtu kwa kubeba gunia siku nzima, na gunia lenyewe halijajaa. Nilikaa kwenye stuli nikamwomba Dianah msamaha. Akasema, "Ni sawa, Prof." Haikuwa sawa, na sote wawili tulijua.

Kesho yake nilimwendea Bedan, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzangu, ofisini kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mwelu, unastaafu Desemba," akasema. Hajawahi kuniita jina langu tupu. "Mimi nimebaki na miaka kumi na minne hapa. Maombi yangu ya kupandishwa cheo yako mezani kwao sasa hivi. Ngoja tu uende. Hakuna mtu atajua."

"Dianah anajua."

"Dianah ni mwanafunzi."

"Hata wewe ulikuwa mwanafunzi," nikamwambia. "Na mashine niliikagua mimi, si wewe. Nitaandika hivyo."

Nilimpa wiki moja. Siku ya tano alikuja akaisaini barua ya kuiondoa makala, akiwa amesimama, akatoka bila kuagana. Makala iliondolewa mwezi wa nane. Maombi yake yamerudishwa. Tukikutana kwenye ngazi anaangalia simu yake. Nilimfundisha huyo kijana kuyeyusha na kupima na kuandika, alikula kwangu Krismasi tatu, na sasa hanisalimii. Simlaumu. Lakini naisikia mwilini kama homa.

Mama nilimweleza nikiwa namkatia sukuma wiki. Aliuliza kama kuna mtu aliyeumia. Nikasema hakuna. Akaniambia basi nile, kwa sababu nimekonda.

Dianah amemaliza kazi yake. Kwa mashine nzuri, betri ya maganda ya makadamia inafika mara mia sita na arobaini. Si haba, ila hakuna gazeti litakalokuja. Wiki ijayo anaitetea tasnifu yake, na ile sura ya kosa letu iko ndani, ameiandika kwa heshima kubwa kuliko nilivyostahili. Nimesaini.

Sasa lile linalonikaba. Lynn wako aliniandikia kwamba anataka kufanya shahada ya pili kuhusu kaboni yetu, na kwamba lazima apeleke mada yake kabla ya mwaka huu kuisha. Amesema aliingia uhandisi kwa sababu ya shangazi yake. Nimeanza kumjibu mara tatu nikapasua karatasi. Nakuomba wewe, baba yake, umpe barua hii aisome yote, hata pale nilipomwambia yule msichana kuhusu mikono yake. Usimpunguzie. Akiniona mdogo baada ya hapo, ni haki yake. Akitaka namba za kweli, Dianah atampa.

Msalimie sana Waithira, na Mutie mdogo umwambie nimepata ile picha aliyochora. Shemeji Kalondu na wote wa Ngoliba wanawasalimu.

Mungu awatunze huko mbali, awape watoto wenu kazi ambayo hawataogopa kuiangalia mara ya pili.

Ni mimi dada yako, niliyechoka na ninayekupenda vilevile,

Mwelu