Kwa Mkasi Wetu: Kikombe Bado Kiko Ukutani

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuachie kiti chako cha kamba, Baba, na miwani yenye mguu mmoja, na nyumba iliyojaa watu wanaoogopa kusema sentensi ndefu. Wewe umepumzika. Bango halijapumzika. Bado liko ukutani pale zahanati, limepigwa misumari kila pembe, utadhani kuna mwizi analitamani.

Kazini walikuita Mkasi wakidhani wanakukejeli. Ulikuwa mwandishi wa matangazo ya afya, na kazi yako, ulisema, ni kukata mpaka yabaki maneno ambayo mama anaweza kuyabeba huku ana mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Asubuhi ulimsomea Bibi, mama yako, tangazo lako wakati anachagua mchele, kisha ukaondoka. Jioni, hata viatu hujavua, ulimuuliza asubuhi ulisema nini. Hukuuliza mtu kama ameelewa. Mwenye adabu akiulizwa hivyo hujibu ndiyo, ulisema, na adabu haijawahi kumponya mgonjwa. Alichosahau Bibi ulikikata. Siku moja alikujibu kwamba alichosikia ni mwanawe kumchosha tu. Ukachana karatasi nzima, ukamshukuru.

Hukuwahi kumcheka asiyejua kusoma. Dharau yako uliwawekea wanaojua kusoma na kuandika, halafu wakaamua wasieleweke. Nasi umeturithisha hiyo dharau, tunaitunza vizuri.

Wa kwanza wao ni Mkuu wako wa kitengo, ambaye hapa nyumbani tulimpa jina la Bwana Aidha, kwa kuwa kila alipofungua kinywa ndilo neno lililotangulia kutoka. Ulipompelekea tangazo lako la kuharisha, akaitisha kikao. Akasema hayo ni maneno ya jikoni, ofisi ina hadhi yake. Wajumbe wakatikisa vichwa kama vinyonga kwenye tawi. Likatoka bango: "Aidha, jamii inahimizwa kuzingatia urejeshaji wa viowevu mwilini kwa kundi la watoto walio chini ya umri wa miaka mitano." Debe tupu haliachi kuvuma, hili walilipaka na rangi. Juu, picha ya Bwana Aidha anatabasamu kama bwana harusi. Chini, mtoto amechuchumaa, na ubavuni mwake kikombe cha maji machafu kilichopigwa msalaba mwekundu.

Uliwaambia kikombe kitoke. Mtu akishindwa na maneno husoma picha, ulisema, na picha hii inamwambia kwamba mtoto akiharisha asinywe. Bwana Aidha akakujibu kuwa uchafu wa maji yale unaonekana wazi kwa mwenye macho. Ulirudi nyumbani ukakata kucha zako, ukakata na za watoto wote waliokuwa uani, mradi tu ukate kitu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, ambao hawakuwahi kufanya kazi chini ya Bwana Aidha. Dada alisikia la Mkuu. Alimpeleka mwanawe zahanati kupimwa uzito, akakaa kwenye benchi akilitazama lile bango, akarudi nyumbani na kikombe kile kichwani. Mtoto alipoanza kuharisha, akamnyima maji. Ulimkuta mchana, mjukuu wako macho yamezama, analia bila machozi. Ulipouliza kwa nini kikombe kimefunikwa, Dada akasema maji yangemzidishia.

"Si wamepiga msalaba, Baba?"

Hukumfokea. Ulikoroga dawa ya kuharisha, ile ya pakiti, kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ukamnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima hadi hospitali. Muuguzi alisema vile vijiko ndivyo vilivyomfikisha. Dada alikuwa amejikunja ukutani anajilaani, ukamwinua.

"Hukukosea, mwanangu. Umesoma walichochora."

Uliporudi ofisini kuwaeleza, Bwana Aidha alikupa pole kwa yaliyompata mjukuu, kisha akakukumbusha kwamba kisa kimoja si utafiti. Kwa hiyo alisubiri wengine wapatikane. Mpaka moyo wako unasimama, ulikuwa bado unamdai kikombe hicho.

Juzi tukamwendea sisi. Tulimwomba kwa heshima yote, nyingine tumeiazima kwa majirani, aliondoe bango kwa ajili yako. Alitupokea vizuri, soda zikaletwa. Akasema ofisi nayo inakukumbuka. Aidha, imeamua kukuenzi kwa kuweka picha yako kwenye bango hilohilo, palepale juu ya kikombe. Akatazama huku na huku akingoja shukrani.

Mama akaweka soda yake chini, hajaionja.

"Mume wangu usimsimamishe hapo," akasema. "Alipakataa akiwa hai."

Tukatoka. Ndiyo maana, Baba, kumbukumbu hii haina picha yako. Watu wa gazeti wametuuliza mara mbili, wakidhani tumesahau. Tumewaambia mahali pa picha waweke tangazo lako, kama ulivyoliandika, kwa herufi kubwa, bila msalaba na bila mtu wa kutabasamu:

MTOTO AKIHARISHA, MNYWESHE. AKIHARISHA TENA, MNYWESHE TENA.

Tulilipima kwanza. Asubuhi tulimsomea Bibi, jioni tukamuuliza. Alilisema lote. Kisha akauvuta ungo, akaanza kuchagua mchele ambao ulikwisha kuchaguliwa.

Wewe unayesoma gazeti hili kwenye benchi la zahanati, umelielekea bango: likate tangazo hili, libandike juu ya kikombe. Gundi isipotosha, Bwana Aidha ana misumari mingi.

Unakumbukwa na Mama, mkeo, na Bibi, mzazi wako, na Dada, ambaye siku hizi huwafundisha wenzake kwenye benchi lile, na Kaka, na kitinda mimba wako aliyeandika haya na kukatwa nusu yake na Mama, na mjukuu wako, ambaye sasa anatembea, na anadai maji hata akiwa ameyashika mkononi.

Daima tutakukumbuka.

Ungelikata hilo "daima", tunajua. Limebaki.