Karatasi ya Kocha Wechuli

Jumatano, 4 Juni 2025
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa daftari! Leo baada ya mazoezi Kocha Wechuli ametupanga laini. Ameona video fulani kwa simu, sasa ni mwalimu wa akili. Unanyoosha mkono, anakuwekea karatasi juu ya vidole. Ikitetemeka, wewe ni mwoga, hudaki langoni.

Yangu imetetemeka, mimi kipa wao! Si mimi hutetemeka kila mara? Natapika, hata! Filimbi ikilia, mpira nauona mkubwa kama sufuria ya ugali. Mechi sita, sijafungwa hata bao moja! Ati bingwa haogopi. Nani alimwambia?

Fainali ni Jumamosi, uwanja wa Pap Onditi. Wanaochagua timu ya kaunti watakuja. Langoni ni Jentrix. Mimi benchi.

Alhamisi, 5 Juni
Mama ametoka soko la Otonglo na beseni lake la omena, dagaa wetu wa ziwani. Ati niombe Mungu aniondolee uoga. Hata yeye! Nikamuuliza siku yake ya kwanza sokoni ilikuwaje. Akaweka beseni chini. Halafu akacheka — alitetemeka mpaka gorogoro, mkebe wa kupimia, ikamwanguka. Na omena? Aliuza yote. Basi!

Nimemwambia Kocha vilevile, kwa heshima. Mwili unajiandaa, nikasema. Akanijibu mbele ya wote: "Awuor, nilicheza mpira kabla uzaliwe." Na mwili wake haukutetemeka hata kidogo, alikuwa akicheza akiwa amekufa? Hilo naliandika hapa tu. Ningesema!

Ijumaa, 6 Juni
Jentrix amekuja kwetu, macho mekundu. Ameshinda chooni tangu asubuhi. Mkono wake hautetemeki, tumbo ndilo linapiga kelele. Mbona hakusema? Ati Kocha hakuweka karatasi tumboni. Tumecheka hadi tukalia. Bado nimekasirika.

Jumamosi, 7 Juni
Naandika nikiwa benchi, glavu mapajani. Tuko bao moja kwa moja. Zimebaki dakika mbili, halafu ni penalti. Jentrix amedaka vizuri, maskini, lakini ameanguka vibaya, ameshika bega. Ananyoosha kidole huku. Kwangu!

Kocha anatingisha kichwa, hanitaki. Jentrix anavua glavu, anazitupa chini. Wueh!

Sasa Kocha anakuja. Hanitazami usoni. Ameshika karatasi ya majina ya wapiga penalti — na inatetemeka! Hakuna upepo hapa. Jameni, wote benchi wanaiona.

Ameniita. Mikono yangu nayo imeanza. Vizuri sana.