Mkwe wa Baiskeli

Shadya, acha wateja kidogo unisome. Rwegoshora kanidhalilisha.

Si alisema leo anakuja kwetu Bugomora kujitambulisha kwa wazazi? Kaja kweli. Na watalii wake wa Kizungu anaowatembeza, wote juu ya baiskeli, hoi kwa vilima!

Mama hata hakushtuka, akajua ndio washenga. Washenga na helmeti, Shadya! Akawatolea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu cha bibi kinachotoka siku ya mkwe tu.

Baba akasimama, akasema: "Rwegoshora mwanangu, tumekupokea. Hapa ni kwenu."

Yule mshenzi akawageukia watalii, akawatafsiria. Unajua alisemaje? Eti mzee anawashukuru kwa kutembelea kijiji, karibuni tena. KARIBUNI TENA! Na mimi nimesimama pale na sinia la matoke, Kiingereza nakisikia chote.

Wakapiga makofi. Wakapiga picha. Wakapanda baiskeli zao wakaondoka, yeye mbele.

Wazazi sijawaambia. Nitaanzaje?

Baba yuko nje na jembe, anafukia mashimo ya njia yetu. Anasema mkwe asije akaanguka na baiskeli siku akirudi.