Mbegu Zilizolala Majini Siku Tatu

Alhamisi, Rujewa. Mawingu yametanda toka asubuhi, mvua hakuna. Yanatutazama tu, kama wageni wa msibani walioshiba.

Leo ilikuwa zamu ya dada yangu Atupele kupata maji ya mfereji. Maji yamekuja. Mbegu za kumwaga kitaluni hakuna.

Nimeziua mimi.

Jumapili alikwenda Iringa kumzika wifi yake. Aliniachia ndoo mbili za mpunga wa mbegu, aliouchagua mwenyewe tangu mavuno, umeshalowekwa. Maagizo yalikuwa mafupi: kesho jioni utoe, utie kwenye kiroba, ufunike kwa majani uchipue. Hakuona haja ya kurudia. Mimi ndiye msomi wa ukoo, yaani niliishia la saba nikajiendeleza kwa vitabu vya mtumba.

Jumatatu nilikuwa na kamusi kuukuu ya Kiingereza niliyoinunua sokoni Uyole, haina jalada. Nikakutana na neno la kale, “ret”. Herufi tatu tu. Maana yake ni kuloweka kitani au katani mpaka nyama ya mmea ilainike, nyuzi ziachane nayo. Kazi ya siku nyingi, hata wiki mbili.

Nikafurahi kama aliyeokota ng'ombe. Nikawaza, kama wenzetu wanaloweka wiki mbili, sisi na siku yetu moja si tunaupunja mpunga? Nikafunika ndoo vizuri, nikaziacha juani.

Dada alirudi jana, akafunua. Povu, na harufu ya togwa lililochacha. Akawamwagia bata. Bata wakasogea, wakatafakari, wakaondoka.

“Mdogo wangu, siku zote hizi ulikuwa unafanya nini?”

Nikasema nimesahau, nilikuwa nasoma.

“Unasoma nini?”

“Mambo ya kuloweka.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hajanisemesha tena.

Zamu amepewa jirani, Msukuma ambaye hana kamusi. Mbegu zake zimetoa vijino vyeupe. Dada amewekwa mwisho wa foleni, wakati ambao mfereji hubaki tope na vyura. Asubuhi nilimsikia akimwambia jirani yule, kwa sauti ya kunitetea: “Amesahau tu. Binadamu.”

Mchana nimeirudia kamusi. Kulikuwa na mstari wa mwisho ambao sikuusoma. Neno lile lina asili moja na neno lao la kuoza.

Sikusahau.

Niliamua. Nilijua agizo lake, nikaona najua zaidi. Na sasa ananitetea kwa kosa ambalo silo.

Yuko pale ukingoni, anatazama maji yakipita kwenda kwa mwenzake. Nilitaka kumwacha kwanza siku mbili tatu, hasira zilainike, ndipo nimwambie.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyoozesha mbegu.

Naacha kuandika, naweka simu chini. Naenda sasa hivi.