Kigoda Alichokalia Rais

Apa,

Ejok. Najua hutajibu, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba baba hapitwi bila salamu.

Rais anarudi Lodwar wiki ijayo. Wazee wamekuja kuniomba ekicholong yako, kile kigoda ulichokuwa ukikalia mchana na kulazia kichwa usiku, kwa sababu ndicho alichokalia alipokuja kuomba kura. Unakumbuka ulivyofurahi? Ulimchomekea unyoya wa mbuni kichwani, akala nyama ya beberu wako, na siku hiyohiyo akawagawia ninyi polisi wa akiba bunduki. Ulirudi nyumbani ukiimba.

Kura zikaisha. Sasa akataka wageni wake wamwone mtu wa amani, ikatoka amri silaha zirudishwe. Wenzako walizifukia mchangani. Wewe, nisamehe nikikuita mjinga, ulikuwa wa kwanza kufika kituo cha Kakuma. Ulimwambia askari, "Mtu amekalia kigoda yangu hawezi niacha mtupu."

Wavamizi walikuja mchana kuiba ngamia wetu, kabla wiki haijaisha. Ulikuwa na fimbo na kigoda, Apa. Fimbo! Risasi ya kwanza ilikupasua taya, ya pili tumbo, nawe ukazidi kutambaa kuwafuata ngamia mpaka mvamizi mmoja akakukanyaga shingo, akakumaliza. Niliona yote nikiwa nimelala kifudifudi. Mama Furaha, yule mkimbizi Mkongo wa kambi ya Kalobeyei tunayemuuzia makaa, ndiye aliyenisaidia kukufunga tumbo kwa kitenge chake. "Hata kwetu raisi alikuwaka anafanya ivi," alisema. "Anakupatia bunduki, anakunyang'anya, wewe unakufa, yeye anabakia."

Kura zimekaribia tena, kwa hiyo anakuja na bunduki nyingine. Nafasi yako amepewa kaka yangu Ekai, naye ameshataja maboma ya wavamizi atakayokwenda kuyachoma. Yana watoto. Nilimsihi, akanipiga ngumi ya mdomo. Naogopa, Apa. Nimebaki na yeye tu.

Wazee nimewakubalia. Kigoda nitakileta mwenyewe, na damu yako sijaiosha. Najua mwanamke hakalii kigoda cha mwanamume. Siku hiyo nitakikalia, mbele ya Rais, na sitainuka mpaka aniambie bunduki yako aliipeleka wapi. Wakitaka kuniburuta, waniburute Ekai akiona, kabla hajapokea ya kwake.

Vumilia kulaza kichwa mchangani siku chache. Nikitoka Lodwar mzima, nitakurudishia kigoda chako kaburini.

Kwaheri, Apa.

Binti yako,
Akiru