Mtihani wa Mwanao

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama, tafuta kiti kwanza. Magoti yanakusumbua bado? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ukiondoa mkono wa kushoto uliofungwa plasta na sikio moja linalovuma kama lina nyuki ndani. Ningepiga simu, lakini najijua. Nikisikia sauti yako nitaanza kuzungukazunguka, na habari yenyewe itabaki kooni.

Najua jicho lako limeshatangulia mistari kumtafuta mwanao. Yu hai, na viungo vyake vyote vipo. Niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho hutanielewa.

Nilikwambia jinsi biolojia inavyowachinja wanafunzi wetu wa kidato cha mwisho. Mwaka huu niliapa haitakuwa hivyo. Kila siku baada ya masomo tulibaki maabara kujiandaa na mtihani. Mchinjaji wa sokoni alitupatia mioyo ya ng'ombe, tukaipasua mezani, kila mmoja akaingiza kidole kwenye mishipa aone damu inakotokea na inakoelekea. Monita wao, binti mwembamba mwenye sauti ya kupasua ngoma ya sikio, aliwatungia wimbo wa sehemu za figo, wakawa wanauimba hata chooni. Alikuwepo pia kijana wanayemwita Goli, golikipa wa shule, viganja kama sahani. Huyo kila siku alichanganya ateri na vena, na kila akikosea darasa zima lilipiga kelele kwamba amefungwa. Alicheka kuliko wote.

Mwanao alikaa viti vya nyuma. Nyumbani aliniita mama mdogo, darasani aliniita mwalimu, hakuteleza hata mara moja. Akili anazo, dada, kama ulivyokuwa ukisema. Lakini alikuwa mpweke, na mpweke hutafuta watu hata pabaya.

Minong'ono ilianza kwamba mtihani umevuja na kwamba mimi ninao, ndiyo maana nawafungia watoto maabara. Nilicheka. Niliwaambia ningekuwa nao nisingehangaika kunuka damu ya ng'ombe kila jioni. Laiti ningeuliza minong'ono imeanzia kwa nani.

Siku ya Alhamisi, jua likiwa bado kali, kioo cha kwanza kilipasuka. Nilidhani ni mpira. Cha pili kilipopasuka, jiwe lilitua mezani katikati ya vitabu, na mlango ukaja chini na bawaba zake. Liliingia kundi la vijana, wengine waliofeli mwaka jana, wengine sijawahi kuwaona, wameshika nondo, mawe na miguu ya viti. Mlinzi walishamwangusha getini na taya lake limehama. Aliyewaongoza ni yule anayeitwa Chuma, tuliyemfukuza shule kwa kupigana.

Aliniambia nitoe karatasi. Nikamuuliza karatasi gani. Akanipiga nondo, dada, nikausikia mfupa wangu ukikatika kama kuni kavu. Nilianguka juu ya vioo, na kabla sijajua nimeangukia wapi, kiatu cha mtu kikanipata sikioni.

Wakalivamia kabati. Mitungi ya vyura na nyoka ikapasuliwa moja baada ya nyingine, ile dawa ya kuhifadhia ikamwagika, macho yote yakawaka moto. Watoto walikohoa, wakapanda meza, wakajigonga ukutani wakitafuta madirisha. Mmoja alipita dirishani akaacha nyama ya paja kwenye kioo. Monita alirusha stuli ikampasua kijana mmoja mdomo, na yule akamshika nywele akambamiza uso mezani, akamwinua, akambamiza tena. Nilijaribu kusimama, mkono ukakataa. Nilitambaa.

Kabati lilipobaki tupu, Chuma aligeuka. Aliwapita wote, akaenda moja kwa moja hadi viti vya nyuma, akamkaba mwanao koo. Akamwambia, "Wewe si ulisema ipo hapa?"

Ndipo nilipoelewa. Mwanao ndiye aliyewaambia. Alijigamba kwao kwamba kwa kuwa anaishi kwangu, mtihani atawaletea. Siku zikasogea, hana cha kuwaletea, wakaanza kumtisha, naye akawaambia nimeuficha kabatini. Nafikiri alitaka tu, kwa mara moja, watu wakubwa wamsogezee kiti.

Walimwangusha wakampiga. Sitakueleza yote, wewe ni mama. Walimpiga kama watu wanaoua nyoka. Hapo Goli akaruka kutoka meza ya mbele, akamlalia mwanao kama anavyoulalia mpira, mateke yote yakawa yanatua mgongoni kwake. Hawakuwa hata marafiki. Mwanao chini, macho yamejaa dawa, mkono wake ukapapasa sakafuni ukakutana na kisu cha kupasulia. Akachoma. Hakuona anamchoma nani, alimchoma mtu aliyekuwa juu yake. Akachoma tena, nyuma ya paja, juu kidogo ya goti.

Damu iliruka mpaka kwenye ubao. Lile kundi lilipoiona lilitawanyika kama kuku. Monita, uso umevimba hata humjui, alimgeuza Goli chali, akakita ngumi kwenye kinena chake kuubana mshipa, akaegemea kwa uzito wake wote, akipiga kelele aletewe mkanda. Sikumfundisha hilo kwa ajili ya siku ile, nilimfundisha kwa ajili ya mtihani. Goli alinitazama, midomo imekuwa rangi ya majivu, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ateri, siyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi leo amepatia.

Aliishi. Mshipa wameushona, lakini neva imekatika, na wayo unaning'inia kama kitambaa kibichi. Daktari anasema atatembea kwa fimbo. Habari za kudaka mpira ameomba asiulizwe tena.

Chuma walimkamata jioni ileile. Watu wa mtaani walimfikia kabla ya polisi. Na kila mtu alisema ni yeye aliyechoma: watoto walisema, mlinzi alisema, ingawa alikuwa getini, hata Goli alisema itakuwa ni yeye, maana yeye mwenyewe alilala kifudifudi hakuona. Mwanao alikuwa chumbani kwangu amejifunika shuka hadi kichwani. Hakuna aliyemtaja. Hakuna aliyeniuliza.

Dada, sasa nimefika pale nilipokuwa napaogopa. Aliyeona ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimelala sakafuni, jicho langu sawa na mkono wake.

Nilimkalisha nikamwambia nimeona. Alikana, kisha akalia, kisha akanishika miguu. Alisema hakukusudia, na hilo naliamini mpaka kesho. Alisema pia kwamba Chuma ni mtu mbaya, jela ilikuwa inamsubiri tu. Na mimi, mdogo wako, nilikaribia kukubali. Nilikuwaza wewe, nikawaza ulivyomfungia begi ukanikabidhi kama yai.

Lakini nilipokwenda kituoni kuandika maelezo, nilimkuta Chuma kwenye benchi na pingu, jicho moja limezibika, meno ya mbele hana. Nilimchukia hata mkono uliovunjika uliacha kuuma. Akanitazama kwa lile jicho moja akasema, "Mwalimu, mkono nimekuvunja mimi. Yule sikumchoma, na wewe ulikuwa unaangalia."

Nilirudi nyumbani bila kuandika neno. Nilimpikia mwanao chai, nikamsafisha vidonda, nikamvalisha sweta, nikamwambia twende. Tulipofika barabara kubwa nilimwachia mkono, gari likapita, njia ilikuwa wazi pande zote. Hakukimbia. Aliingia kituoni mbele yangu akasema mwenyewe, nami nikaandika nilichokiona na kutia sahihi. Kwa hiyo usimtafute mchongezi. Ni mimi. Ningenyamaza, leo angekuwa anakula mezani kwangu.

Yuko mahabusu. Mkuu wa pale alikubali afanye mtihani, na kila siku niliruhusiwa saa moja kumsomesha. Alikaa upande wake wa wavu, mimi upande wangu, askari akisinzia katikati. Siku moja aliniuliza kama neva iliyokatika huota tena. Nilimjibu kama ilivyo kitabuni. Akafunga daftari, siku hiyo hatukuendelea.

Jana amefanya biolojia, askari amesimama mlangoni. Goli hakufanya, homa ya kidonda ilimpanda na madaktari walikataa. Nilikwenda kumtazama. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: kwa hiyo aliyechoma amefanya mtihani, na aliyechomwa hakufanya?

Kesi itatajwa mwezi ujao. Chuma atajibu la mkono wangu na la mlinzi, mwanao atajibu la kwake, nami nitasimama niseme ya wote wawili. Mwanao amesema usije, hataki umwone mahali pale. Usimsikilize. Njoo, na ukija pitia hospitali kwanza kabla ya mahabusu, mama yake Goli asije akakusikia kwa wengine. Mlango wangu uko wazi. Ukiona huwezi kulala nyumba moja na mimi, nitaelewa, nimeshakuombea chumba kwa mke wa mlinzi.

Msomee shemeji wewe mwenyewe, taratibu, na dawa yake iwe karibu. Wabusu watoto. Mungu akushike usianguke, maana mimi mkono mmoja tu ndio wa kukushikia.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuumiza na ninayekupenda.